Sili Aliyejifungulia kwa Waziri

Ilikuwepo, na kwa habari tulizonazo ingalipo, nchi moja ndogo iliyojibanza kando ya bahari iliyozungukwa na nchi kavu pande zote, bahari ya buluu iliyotulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Kiangazi chake ni kikavu, mvua zake zina adabu, na vilima vyake vimejaa mizeituni, milimau na mawe. Jina la nchi hiyo hatulitaji. Si kwa woga, la hasha. Serikali yake imelitangaza jina hilo kuwa maliasili, na kulitamka bila kibali ni kulichakaza.

Katika nchi hiyo aliishi Kalisto, Mkaguzi wa Utalii wa Kuwajibika. Alikuwa kijana mwembamba, msafi, mwenye sare ya kijani iliyopigwa pasi hadi mikunjo yake ikawa na makali ya kukata mkate. Wapo watu wanaoiamini mvua, wapo wanaomwamini mganga. Kalisto aliiamini Serikali. Na zaidi ya hapo, jambo ambalo si la kawaida katika wizara ile, aliyapenda mazingira kweli kweli. Akiona jongoo barabarani alimsubiri avuke.

Kazi ilikuwa nyingi, kwani Mheshimiwa Daktari Bonaventura, Waziri wa Uasilia, alikuwa ameamua kwamba nchi yake iwe ya kwanza duniani kwa utalii usiodhuru kitu. Mgeni alipoingia katika hifadhi alivishwa soksi nzito za sufu ili majani yasiumie. Nyuma yake alifuata mtumishi mwenye ufagio akifuta nyayo zake, na nyuma ya huyo alifuata mtumishi mwingine akifuta nyayo za mwenye ufagio. Wa tatu aliombwa katika bajeti, lakini fedha zilikuwa zimeisha kwenye soksi. Kukohoa kuliruhusiwa katika hifadhi mbili tu, tena upepo ukiwa unavuma kuelekea baharini.

"Ndugu wananchi," Waziri aliwaambia watu siku ya kuzindua mpango huo, akiwa amevaa suti ya kitani yenye rangi ya mchanga, "mazingira ni mama yetu. Na mama mwenye heshima hasumbuliwi na watoto wake. Mtoto mwema humtazama mama yake kwa mbali, na akiweza, anahama kabisa!"

Watu walipiga makofi. Kalisto alipiga mengi kuliko wote, maana aliona maneno yale yana kina, ingawa hakuona chini yake.

Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Sili. Sili, kwa asiyemjua, ni mnyama wa baharini mwenye sharubu kama za paka na mwili kama gunia la unga lililonyeshewa; hana miguu ya kutembelea, ila ana mapezi, na hupanda ufukweni anapotaka kulala au kuzaa. Katika bahari ile walikuwa wamebaki wachache mno. Sheria ilisema hivi: mahali popote sili azaapo, au angeweza kuzaa endapo angependa, binadamu haruhusiwi kuishi katika umbali wa kilomita tano. Atakayembughudhi mnyama huyo afungwe, awe nani awaye. Maneno "awe nani awaye" Waziri aliyaongeza mwenyewe, kwa sababu yalisikika vizuri kwenye redio.

Ikatokea kwamba mahali sili angependa zaidi kuzaa, kwa mujibu wa wataalamu wa Waziri, ni Ghuba ya Pango, ambako kulikuwa na kijiji kidogo cha wakulima wa mizeituni. Ikatokea pia kwamba Bwana Telesfori, shemeji yake Waziri, alikuwa akitafuta mahali pa kujenga hoteli. Mambo haya mawili hayakuhusiana hata kidogo, na Wizara ilitoa taarifa kueleza jinsi yasivyohusiana, kabla ya mtu yeyote kuuliza.

Wanakijiji walisema hawajapata kumwona sili pale pangoni. Hata babu zao walisikia tu.

"Ndiyo maana tunamlinda!" Waziri aliwajibu. "Anayeonekana ana shida gani? Kutoonekana kwake ndiyo dalili kwamba mmemtisha."

Kazi ya kuwahamisha akapewa Kalisto.

Sasa kijijini pale aliishi Bi Filomena, shangazi yake Kalisto, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, hodari wa kuloweka zeituni kwenye maji ya chumvi, na ulimi wake nao ulikuwa umelowekwa humohumo. Kalisto alipofika na sare yake alimkuta amekaa mlangoni.

"Karibu mwanangu. Mbona umekuja na lori? Umeoa?"

"Shangazi," Kalisto alisema huku akitazama buti zake, "nimekuja kwa niaba ya sili."

"Sili yupi?"

"Yule atakayezaa pangoni."

"Umemwona?"

"Sijamwona, shangazi."

"Yeye amekuona wewe?"

"Sidhani."

"Basi hamjuani." Bi Filomena alichukua kikapu chake, akaanza kuchambua zeituni kana kwamba mazungumzo yamekwisha. "Akija, mlete. Nitamwachia chumba cha nyuma. Mimi tangu lini nikamkatalia mzazi mahali pa kulala?"

Kalisto alimweleza habari ya kilomita tano. Alimweleza kwamba ni kwa manufaa ya vizazi vijavyo. Bi Filomena alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanyanyuka taratibu, akajifunga kanga kiunoni, na akafanya jambo ambalo Kalisto hakulitarajia. Alipiga goti mbele ya mtoto aliyemwogesha.

"Shikamoo, Serikali," alisema.

Kalisto aliitikia kwa kupakia godoro kwenye lori.

Wanakijiji walihamishiwa Kijiji cha Mfano, juu ya mgongo wa kilima, kwenye vibanda vya mabati vilivyopakwa rangi ya kijani ili visionekane kutoka angani. Upepo wa huko ulikuwa hauna dini. Maji yaliletwa na boza, siku dereva wake akiwa ameamka vizuri. Bahari ilionekana yote, ila kwa macho tu. Kalisto alipanda kila Jumapili kumsalimia shangazi yake, na kila Jumapili, kabla hajafungua kinywa, alipigiwa goti na kuamkiwa: "Shikamoo, Serikali." Majirani walisimama kutazama. Alirudi mjini akipangusa macho, akajiambia ni vumbi.

Huku nyuma, Bwana Telesfori alifungua hoteli yake, Maskani ya Unyenyekevu, katika nyumba zilezile za wanakijiji. Kalisto alipomwuliza Waziri juu ya kilomita tano, Mheshimiwa alicheka kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kusoma.

"Soma vizuri, Kalisto. Sheria inakataza *kuishi*. Wageni wa Telesfori hawaishi. Wanapumzika."

Kalisto alisoma tena, akaona ni kweli. Alishangaa jinsi watu wengine wanavyoijua lugha.

Mambo yakaenda hivyo hadi wiki ambayo ujumbe mmoja wa ng'ambo ulifika. Ulitoka Baraza la Nyayo Nyepesi, chombo kinachotoa nishani ya Jani la Kijani kwa nchi zinazotunza maumbile, na nchi yenye Jani hilo hupata wageni kama utitiri. Mkuu wa ujumbe alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye kofia ya ukindu na mazoea mabaya ya kusikiliza majibu. Waziri alimwalika kifungua kinywa nyumbani kwake, Rasi ya Malimau, upande wa pili wa nchi, ambako alikuwa na jumba jeupe lenye bwawa la kuogelea lililoshuka kwa ngazi za marumaru hadi baharini.

Asubuhi ya siku hiyo simu ya Kalisto ililia. Alikuwa Bi Serafina, mke wa Waziri.

"Kalisto, baba, njoo upesi. Kuna mtu kwenye ngazi za bwawa, na amejifungua."

Kalisto alifika jasho likimtiririka. Bi Serafina alimwongoza kupitia ukumbini, akamwonyesha kwa kidole. Pale, kwenye marumaru ambayo inasemekana ilitoka katika milima ya nchi tatu, alikuwa amelala sili. Mkubwa, wa kijivu, sharubu zimechanua, macho meusi yenye uchovu wa mkunga mzee aliyeamshwa mara ya tatu. Ubavuni mwake kilikuwepo kitoto, cheusi tii, kinang'aa kama buti lililolowa, kinanyonya kwa kelele.

Kalisto alivua kofia. Alikuwa amehamisha kijiji kizima kwa ajili ya mnyama huyu, na hakuwahi kumwona hata kwa dakika. Aliona aibu na furaha kwa pamoja, na hakujua ipi aianze.

"Huyu ni mbwa," sauti ilisema nyuma yake.

Ni Waziri, amevaa joho la kuogea, taulo begani.

"Mheshimiwa, hana miguu."

"Ameikalia. Ni mbwa aliyenenepa. Nchi inaendelea, Kalisto, hata mbwa wananenepa. Mwondoe."

"Mheshimiwa, sheria inasema atakayembughudhi afungwe, awe nani awaye."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Nilikuwa katika hali gani?"

"Ulikuwa redioni."

Waziri alikaa kwenye kiti cha ufukweni, akafikiri, na uso wake ukalainika. Alimshika Kalisto bega kama baba.

"Kijana wangu. Wizara inahitaji Mkurugenzi. Mtu makini, mwenye macho mazuri. Nyumba ya serikali, gari lenye bendera, dereva. Shangazi yako unamtoa kule juu leo hii, unamweka sebuleni kwako. Sasa nakuuliza wewe, Mkurugenzi Kalisto, na ufikiri kabla ya kunijibu: unaona nini hapo kwenye ngazi?"

Kalisto alitazama. Hakuwa shujaa, tusimpambe. Aliiona ile sebule. Alimwona shangazi yake amekaa kwenye kochi, mbali na upepo. Halafu akawaona wale wengine wote waliobaki kule juu, na akamwona shangazi akinyanyuka kutoka kwenye kochi lile, akifunga kanga, akipiga goti. Kitoto cha sili kilipiga chafya.

"Naona sili, Mheshimiwa," alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Na mimi ni Mkaguzi tu."

Alikwenda kwenye gari, akatoa kimoja cha vile vibao alivyokuwa akitembea navyo: MAKAZI YA SILI. BINADAMU HARUHUSIWI KUISHI. Kugonga misumari kungembughudhi mzazi, kwa hiyo alikichomeka ndani ya chungu cha maua.

Waziri alikuwa ameshafungua kinywa kumfukuza kazi pale lango lilipofunguliwa na ujumbe wa ng'ambo ukaingia, umevaa soksi za sufu. Mama mrefu aliona kibao, akaona ngazi, akaona kitoto kinanyonya. Akajishika kifua.

"Mheshimiwa!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Duniani kote nimetembea, sijaona waziri aliyemwachia mnyama nyumba yake. Na ninyi mtahamia wapi?"

Waziri alimtazama Kalisto, Kalisto akakitazama chungu cha maua. Aliyejibu ni Bi Serafina. Mama huyu alikuwa ameishi na hotuba za mumewe miaka mingi, akizisikia zikifanyiwa mazoezi bafuni, na huenda alikuwa ameisubiri siku hii bila kujua. Au huenda ni vile alivyokuwa akikitazama kile kitoto.

"Mwanamke aliyejifungua hahamishwi," alisema. "Sisi tunakwenda Kijiji cha Mfano. Mume wangu husema kila siku kwamba maisha ya kule ni matamu kuliko ya hapa. Si ndiyo, Baba?"

Wapiga picha wa ujumbe waliinua kamera zao.

"Ndiyo," Waziri alisema. Akatabasamu, na tabasamu lile lilionekana kuwa zito kulibeba.

Basi Mheshimiwa Daktari Bonaventura akapanda kilimani. Alipewa kibanda cha mabati jirani na Bi Filomena. Upepo ulimchukulia tai ya kwanza asubuhi, ya pili adhuhuri, na hotuba yake jioni. Boza lilipofika alikwenda moja kwa moja mbele na ndoo yake, kama alivyozoea kwenda mbele maisha yake yote.

"Foleni inaanzia kule nyuma, mwanangu," Bi Filomena alimwambia.

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana. Wewe ndiye uliyekuja baada ya mwenye ndoo nyekundu."

Maji yalikatika kabla ya zamu yake. Bi Serafina, ambaye alikuwa amewahi foleni, alimgawia kikombe.

Haikupita siku nyingi Bunge likaitwa kwa dharura kuirekebisha Sheria ya Sili. Waziri alieleza kwamba utafiti mpya, uliofanyika mahali penye upepo, umeonyesha kuwa sili ni mnyama mwenye utu na anapenda majirani. Kwa hiyo panaposomeka kilomita tano, pasomeke hatua tano. Wanasheria wake walikuwa wamemshauri aandike kwamba badiliko hilo lihusu Rasi ya Malimau peke yake. Lakini yule mama mrefu alikuwa amekaa kwenye roshani ya wageni mle Bungeni, ile nishani ya Jani la Kijani mapajani, akisikiliza kila neno na kutabasamu. Ikabidi sheria iandikwe kana kwamba ni ya watu wote. Wabunge walishangilia kama walivyoishangilia ile ya kwanza, na baadhi yao waliishangilia kabla haijasomwa.

Kalisto alikuwa amesimama mlangoni, maana hakuna aliyekumbuka kumfukuza. Alisikia "hatua tano" na moyo ukamruka. Kutoka pangoni hadi nyumba ya kwanza ya kijiji mtu hutembea hadi kiu imshike. Aliwatazama wabunge, walikuwa wakielekea kwenye chai. Aliwatazama wanasheria, walikuwa wakipongezana. Wangegundua baadaye, labda jioni, labda kesho, na wangeziba mwanya huo. Alitoka taratibu hadi kwenye ngazi, na kutoka hapo akakimbia.

Alifika kilimani anahema, akawasomea wanakijiji sheria mpya amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Rudia hapo pa hatua," Bi Filomena alisema.

Alirudia.

"Hatua za nani? Zangu au za mtu mrefu?"

"Za yeyote, shangazi. Lakini twendeni sasa hivi. Wakituwahi tumekwisha."

Watu hawakuulizana tena. Walishuka mchana uleule, magodoro vichwani, kuku makwapani, sufuria zikigongana kama harusi. Bi Filomena alijitwika upande mmoja wa godoro lake, akageuka. "Kalisto," aliita, kwa jina lake, mbele ya watu wote, "umesimama kama mlingoti wa nini? Shika huku." Kalisto akashika, na njia nzima hakuhisi uzito.

Walikuta nyumba zao zimepakwa chokaa mpya, zimetundikwa vikapu ambavyo havikubeba kitu, na kila moja imewekewa hodhi jeupe la kuogea katikati ya chumba, kama ng'ombe aliyepotea. Bwana Telesfori alisimama njiani, mikono juu.

"Hamwezi kuingia! Nina wageni wanakuja kupumzika!"

"Nasi tumechoka," alisema Bi Filomena, akampita na godoro.

Wanasheria waligundua siku iliyofuata, lakini kwa wakati huo mama mrefu alikuwa ameshafika Ghuba ya Pango, amekula, na ameandika katika ripoti yake kwamba nchi hii ni ya kwanza katika bahari ile kurudisha watu kwenye mazingira yao. Waziri alisoma ripoti hiyo hadharani, akasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Alivalishwa Jani la Kijani. Alirudi jumbani kwake na kukaa hatua sita kutoka kwenye bwawa lake mwenyewe, akitazama, wakati Bi Serafina akimhesabia.

Kalisto naye hakusahauliwa. Alipandishwa cheo kuwa Mlinzi Mkuu wa Jangwa. Nchi ile haina jangwa, kwa hiyo aliagizwa akae nyumbani mpaka litakapofika. Alikwenda kukaa kwa shangazi yake, akajifunza kuloweka zeituni; hodhi la Bwana Telesfori lilifaa sana kwa kazi hiyo, lilimeza mavuno ya miti yote ya nyuma ya nyumba.

Alasiri moja, wawili hao wakiwa wameinamia hodhi, mikono imezama hadi viwiko, mtu na mkewe kutoka ng'ambo walisimama mlangoni na kamera zao. Waliiona sare ya Kalisto, wakamwuliza kwa heshima kubwa kama yule bibi anaruhusiwa kuwepo ndani ya eneo la hifadhi.

Kalisto alimtafsiria shangazi yake.

"Waambie mimi ndiyo hayo mazingira waliyokuja kuyatazama," alisema Bi Filomena bila kuinua kichwa.

Kalisto aliwaambia. Wageni walitazamana, wakarudi nyuma kidogo kwa unyenyekevu, wakanong'ona kwa muda. Kisha yule mwanamume akauliza kama inaruhusiwa kumlisha.

Kalisto alisita, lakini alikuwa mtu mkweli, akalitafsiri hilo nalo. Bi Filomena alicheka hadi akashika ukingo wa hodhi asije akatumbukia. Alipopata pumzi alijifuta mikono kwenye kanga, akawatazama wale watu wawili waliokuwa wamepauka kwa jua, midomo imewakauka.

"Waulize wao kwanza," alisema, "tangu asubuhi wamekula nini."

Kalisto akaenda kutafuta sahani.